Pengo la Hatua Mbili

Ebele alitoka kumwaga majivu nyuma ya nyumba, akarudi amekunja uso. Sufuria yake pana ilikuwa bado mekoni, na unga wa muhogo ulikuwa nusu umekaangwa. Mvua ya Septemba ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ile ilikuwa imepumua kidogo tu.

"Baba Soma, ukingo umemeguka tena," alimwambia mumewe.

Okwudili alikuwa ameketi barazani akipiga msasa mguu wa kiti. Alikuwa fundi seremala. Hakuinua kichwa.

"Umemeguka wapi?"

"Kwa Anene. Sasa umefika nyuma ya jiko lao."

"Basi uko kwa Anene. Hauko kwetu."

Hivyo ndivyo watu wa kijiji cha Umuazala walivyolizungumzia lile korongo, kama ugonjwa wa nyumba ya mwingine. Miaka sita nyuma lilikuwa mfereji mdogo ambao mtoto angeweza kuuruka. Lilianzia bondeni, karibu na chemchemi. Kila masika lilipanda mlima kidogo. Udongo wa pale ni mwekundu na hauna mawe. Ukiushika umekauka, unamwagika kati ya vidole kama sukari. Sasa korongo lilikuwa na kina cha mnazi mchanga, na kichwa chake kilikuwa kimefika kwa Anene.

Anene alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Okwudili. Mama yake alikufa alipomzaa. Mama yake Okwudili ndiye aliyemlea, na Anene alimwita Mama Mkubwa mpaka siku alipomzika. Walimzika nyuma ya nyumba ya Okwudili, kwa sababu pale watu huzikwa nyumbani kwao. Nyumba ya Okwudili ilikuwa juu. Ya Anene ilikuwa chini yake kidogo, kwenye mteremko. Njia nyembamba iliyokwenda chemchemini ilipita katikati.

Miaka miwili kabla ya siku ile, binti yao Somadina, muuguzi kule Lagos, aliwajengea wazazi wake nyumba upya. Paa likawa pana, la bati jipya. Uani kukamwagwa saruji ukuta kwa ukuta. Ebele alifurahi mno. Hakukuwa tena na matope. Mvua ikinyesha, maji yote ya paa na ya uani yalikusanyika kwenye bomba moja, yakatokea nyuma ya ukuta, yakashika ile njia.

Anene alikuja kulalamika mara moja tu.

"Kaka, maji yako yanakuja kwangu."

"Maji ni ya Mungu," Okwudili alimjibu. "Au unataka niyafungie chumbani?"

Watu waliokuwa barazani walicheka. Anene naye alicheka, akaondoka.

Mchana wa siku ile ya Septemba mvua ilirudi. Ilinyesha kama inayolipiza kisasi. Kabla ya saa tisa Ebele alisikia kelele za mwanamke. Akaacha kila kitu, akakimbia bila viatu.

Uzoamaka, mke wa Anene, alikuwa amesimama mvuani, amewakumbatia watoto wake wawili. Jiko halikuwepo. Chumba cha kulala hakikuwepo. Cherehani aliyokuwa akishonea nguo za watu ilikuwa imekwenda na sakafu yake. Anene alikuwa amesimama mlangoni pa sebule. Nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mvua na ukungu tu.

"Toka hapo!" Ebele alipiga kelele. "Shemeji, toka! Panaanguka!"

Alitoka taratibu, kama mtu aliyekuwa akiaga wageni. Sebule ikaanguka nyuma yake.

Hakuna aliyekufa. Watu walilirudia hilo mara nyingi, na Uzoamaka aliwasikiliza huku amewashika watoto wake. Kesho yake walipakia walichookoa kwenye lori, wakaenda kwao Uzoamaka, ng'ambo ya mto. Kabla ya kupanda, Anene alikwenda kusimama kaburini kwa Mama Mkubwa. Wakati wa kurudi alimpita Okwudili bila kumsalimia. Kwa Ebele alisimama.

"Shemeji, kile kipande cha mbele kimebaki. Kile chenye matofali yangu. Niangalizie. Nitarudi kujenga japo chumba kimoja."

"Nitakuangalizia," Ebele alisema.

*

Sasa korongo halikuwa na kitu kingine cha kula upande ule. Liligeuka kuelekea nyuma ya nyumba ya Okwudili. Ebele alianza kupima kwa hatua kutoka kaburini mpaka ukingoni. Mwezi wa kumi zilikuwa hatua ishirini na moja. Mvua za mwaka mpya zilipoanza, zikawa kumi na nne.

Okwudili hakukaa bure. Alitupa humo vipande vya matofali. Alijaza viroba vya mchanga akavipanga. Majirani nao walileta takataka zao, wakasema wanamsaidia kufukia. Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ilibeba vyote. Wanawake waliokwenda kuchota maji chemchemini walikuta mifuko ya plastiki imeziba maji yao ya kunywa.

"Hatua kumi na moja," Ebele alimwambia mumewe jioni moja.

"Usinihesabie!"

"Nisipokuhesabia mimi, nani atakuhesabia? Mama yako analala pale."

Okwudili aliondoka akaenda kukaa peke yake.

Mwezi wa Mei, Anene alirudi. Alishuka kwenye pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu, akaanza kushusha magunia yaliyolowa. Alikuwa amekonda. Okwudili alimfuata, akachungulia ndani ya gunia.

"Nini hiki?"

"Nyasi."

Okwudili alicheka, lakini kicheko hakikuwa na furaha. "Nyumba zimeanguka. Viroba vimesombwa. Wewe unaniletea nyasi? Nimekuwa mbuzi?"

"Sikukuletea wewe," Anene alisema. "Nimemletea Mama Mkubwa."

Okwudili aliachia mdomo wa gunia, akarudi barazani.

Ebele ndiye aliyemkaribisha, akampa maji, akamwuliza habari za ukweni. Anene alimweleza kwamba alipata kibarua kwenye kikosi cha kutengeneza kingo za barabara. Kazi yao ilikuwa kupanda nyasi hizi. Zinaitwa vetiva. Alichomoa shina moja akamwonyesha.

"Hizi si za kutambaa kama magugu, shemeji. Hazitakuharibia shamba. Zinasimama pale pale unapozipanda. Mizizi yake haiendi pembeni, inakwenda chini. Mwaka wa pili inapita kimo cha mtu. Inaushika udongo kama nywele zilizosukwa."

"Na maji zinayazuia?"

"Hazizuii. Hakuna anayeweza kuyazuia. Zinayachelewesha. Maji yakifika kwenye safu ya nyasi yanatawanyika, yanachuja, yanaacha udongo nyuma, yanapita polepole. Maji yanayotembea polepole hayachimbi. Lakini nyasi peke yake hazitoshi. Kwanza tujue maji yanatoka wapi."

Mvua ilianza mchana huo huo. Anene alichukua ndoo, akamwita Okwudili, wakaenda nyuma ya ukuta palipokuwa na lile bomba. Aliweka ndoo chini yake, akaanza kutaja ukoo wake ili kupima itajaa baada ya muda gani.

"Mimi ni Anene, mwana wa Udeozo, mwana wa…"

Ndoo ilikuwa imejaa na kumwagika. Hakuwa amefika kwa babu.

Okwudili alitazama maji mekundu yakikimbia kwenye njia, yakienda moja kwa moja pale palipokuwa nyumba ya ndugu yake. Alikuwa ameyaona kila mvua kwa zaidi ya miaka miwili.

"Kwa hiyo ni sisi," Ebele alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Si ninyi peke yenu. Ni kila bati la hapa juu, na barabara, na kila ua uliopigwa saruji. Udongo hauyanywi tena." Anene alimwaga ndoo. "Lakini ndiyo, shemeji. Ni ninyi."

Kisha akawaeleza la kufanya. Saruji ya uani ivunjwe. Maji ya paa yaingie kwenye tangi. Yatakayozidi yaende kwenye shimo lililojazwa mawe na kokoto, yanywewe na ardhi. "Shimo lichimbwe mbele, kule barabarani. Msilichimbe karibu na korongo. Mkilowesha ukingo kwa ndani, utaanguka wote."

"Saruji ya mwanangu siivunji," Okwudili alisema. "Nitaweka mapipa chini ya bomba. Inatosha."

"Haitoshi, kaka."

"Nimesema inatosha."

Anene alikata miti mitatu akaifunga ikawa kama herufi A, akaning'iniza jiwe kwa uzi katikati. Kwa kifaa hicho walitafuta mstari uliolala sawasawa kukata mteremko, usiopanda wala kushuka. "Mstari ukiinama, maji yatafuata upande ulioinama," alisema. Walichora safu tatu juu ya kichwa cha korongo, kati ya ukingo na kaburi. Safu ya juu ilikwenda mbele zaidi, mpaka ikapita juu ya kile kipande chake chenye matofali.

Kisha alimfundisha Ebele kupanda. Shina likatwe majani, yabaki urefu wa shibiri. Mizizi ipunguzwe, ibaki urefu wa kidole. Vichipukizi vitatu vitatu kila shimo. Kutoka shimo mpaka shimo ni upana wa kiganja.

"Upana wa kiganja, shemeji. Usipanue. Ukiacha nafasi, maji yote ya mstari mzima yatakimbilia hapo, na yatapita kwa nguvu kuliko mwanzo. Pengo ni baya kuliko kutopanda kabisa."

"Nimesikia."

Walipanda safu mbili za chini kwa siku mbili. Siku ya tatu Anene aliitwa kazini. Akamwachia Ebele magunia yaliyobaki kwa ajili ya safu ya juu, akamwachia na namba yake ya simu.

"Miche ikipungua, nipigie. Kule ipo tele."

Ebele alipanda peke yake siku nne. Mgongo ulimwuma. Alipofika kwenye njia ya chemchemi, gunia lilikuwa tupu. Zilibaki hatua mbili tu. Alisimama akazitazama.

"Wacha hapo," Okwudili alimwambia. "Ukifunga njia, tutapita wapi? Tutaruka kama vyura?"

Ebele alikuwa amechoka. Alijiambia kwamba nyasi zikichipua atagawanya mashina, ataziba. Hatua mbili ni kitu gani. Akabeba jembe, akarudi nyumbani. Hakupiga simu.

*

Julai ilikuja mvua ambayo watu wa Umuazala hawakuwa wamewahi kuiona. Ilianza asubuhi, watu wakiwa sokoni. Mapipa ya Okwudili yalijaa mara moja, yakafurika, moja likaangushwa na maji. Ebele alikwenda nyuma akasimama chini ya mwavuli uliovunjika.

Aliona kila kitu. Maji yalifika kwenye safu ya juu, na nyasi changa zikayapokea. Yalisimama. Yakaanza kutembea kando ya safu, kulia na kushoto, yakitafuta pa kupita. Yakapapata. Yote yaligeukia njiani na kuingia kwenye lile pengo kama kundi la ng'ombe kwenye lango la zizi.

"Baba Soma!" aliita. "Leta viroba! Leta chochote!"

Okwudili alikuja na mlango wa kabati aliokuwa akiutengeneza. Waliusimika kwenye pengo, wakauegemea kwa mabega. Maji yaliutupa pembeni pamoja nao. Waliamka wamejaa tope mdomoni. Chini yao njia ilikuwa imekwisha kuwa mfereji, na mfereji ulikuwa unakatwa kwenda chini mbele ya macho yao. Kipande cha mbele cha Anene kilipasuka katikati. Nusu iliondoka. Matofali yakaondoka. Kisha nusu ya pili nayo ikaondoka, polepole, na mchikichi mdogo uliokuwa umesimama juu yake ukaondoka ukiwa wima.

Mvua ilipokatika, Ebele alipima. Kutoka kaburini mpaka ukingoni zilikuwa hatua tano.

Alikaa chini kwenye saruji yake, akapiga simu.

"Shemeji."

"Nimeiona mvua. Hata huku imepiga," Anene alisema. "Kaburi?"

"Kaburi lipo."

"Mungu ashukuriwe."

"Kipande chako hakipo."

Ebele alisikia sauti ya Uzoamaka ikiuliza nini, kuna nini.

"Maji yalipita wapi?"

"Njiani. Niliacha pengo. Hatua mbili. Miche iliniishia."

"Mbona hukuniambia kama miche imekwisha?"

"Sikukuambia."

"Na simu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, shemeji."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha simu ikakatika. Ebele aliendelea kuishika sikioni.

Alipoinua macho, mumewe alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amesikia. Aliingia ndani, akatoka na nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Akaanza kuipiga saruji ya uani. Aliipiga mpaka jua likazama, na mikono yake ikachubuka. Ebele hakumzuia. Alikusanya vipande akaviweka kando, maana shimo la maji lingehitaji mawe.

Siku ya nne, pikipiki ile ya magurudumu matatu ilisimama mlangoni. Ilikuwa na magunia sita ya vetiva. Anene hakuwemo.

"Hakutuma neno?" Ebele alimwuliza dereva.

"Alisema hivi: ihamisheni njia. Basi."

Waliihamisha. Njia mpya haikushuka moja kwa moja. Ilizunguka pembeni mbali na nyasi, ikiteremka kwa mizunguko na ngazi za mianzi. Ilikuwa ndefu, na wanawake walinung'unika. Ebele alijaza mfereji mpya udongo na viroba, akapanda nyasi juu yake. Akaziba safu nzima upana wa kiganja kwa upana wa kiganja. Alipanda safu nyingine kwenye kuta za korongo palipopitika, na nyingine kwenye sakafu yake, kukata njia ya maji. Kila mche uliokufa aliung'oa, akaweka mwingine siku hiyo hiyo.

Okwudili alifanya lililokuwa gumu kuliko kuchimba. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wote waliokaa juu. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale.

"Maji ya bati langu yaliangusha nyumba ya ndugu yangu. Alinionya, nikamcheka. Maji ya bati lako yanakwenda wapi?"

Wengine walimfukuza. "Umevunja saruji yako, sasa wataka tuvunje na zetu?" mmoja alimwambia. Wengine walinyamaza, wakatoka nje, wakatazama mabomba yao. Mwaka ule nyumba saba zilichimba mashimo. Mwaka uliofuata zikawa kumi na tisa. Mkutano wa ukoo uliamua kwamba hakuna atakayetupa takataka korongoni tena.

Msimu wa kwanza nyasi zilifika kiunoni. Ebele alizipunguza kwa panga, zibaki urefu wa goti, ili zichipue pembeni na kujaa. Majani aliyokata aliyatandaza kwenye muhogo wake, na machanga aliwapa mbuzi. Msimu wa pili safu zilifungana. Ulikuwa huwezi kupitisha mkono. Udongo ulijikusanya nyuma ya safu, ukapanda mpaka ukafanya ngazi pana juu ya mteremko. Maji yaliyovuka yalikuwa membamba na hayakuwa mekundu tena.

Msimu wa tatu Ebele alipima. Zilikuwa hatua tano. Akapima tena, kwa sababu hakuamini. Tano.

Makorongo makubwa ya vijiji jirani, yale ya kumeza kanisa zima, yalikuwa yamepita uwezo wa nyasi na ndoo. La Umuazala lilikuwa bado changa, na walilikamata. Lakini halikufukika. Liko pale mpaka leo, na nyasi zimelizunguka.

*

Anene alikuja mwezi wa Aprili, mwaka wa tatu. Hakuwa ametoa taarifa. Alikagua safu zote kutoka mwanzo hadi mwisho, ameinama, akitenganisha mashina kwa vidole. Okwudili alimfuata kwa nyuma kama mwanafunzi anayesubiri maksi.

"Zimefungana," Anene alisema mwishoni.

"Mke wangu ndiye aliyefanya."

"Naona."

Okwudili alikohoa. "Anene. Maji yalikuwa yangu. Ulinionya, nikakucheka mbele za watu."

Okwudili akanyoosha mkono kuelekea upande wa barabara, mbele ya nyumba na mbali na korongo, mahali tambarare palipokuwa na karakana yake ya useremala. Karakana haikuwepo. Alikuwa ameibomoa.

"Pale ni pako. Wazee wa ukoo wamekwisha weka alama. Jenga. Nitakutengenezea milango na madirisha yote."

Anene aliitazama ardhi ile kwa muda mrefu.

"Uzoamaka hatakuja," alisema. "Kule tunakaa tambarare kabisa, hakuna hata kilima. Lakini mvua ikianza anawatoa watoto nje. Wanasimama mvuani mpaka ikatike. Sijui atakoma lini."

Ebele alikuwa karibu. Aliinama akang'oa gugu lililoota kwenye safu.

"Basi usijenge," Okwudili alisema. "Lakini ni pako hata hivyo."

"Nitapanda viazi vikuu," Anene alisema. "Nitakuja kulima. Tutaona."

Jioni hiyo alikula kwao. Ebele aliwawekea ndugu wawili sahani moja ya ugali wa muhogo na bakuli moja la mchuzi wa majani machungu, kama Mama Mkubwa alivyozoea kuwawekea.

Kisha mvua ikaanza. Ilipiga bati kwa nguvu. Mkono wa Anene ulisimama hewani na tonge lake. Okwudili naye aliacha kutafuna. Walikaa hivyo wote watatu, wanasikiliza upande wa nyuma ya nyumba. Bomba jipya lilikuwa likimimina maji kwenye tangi. Mbali kidogo, mvua ilikuwa ikichakarisha nyasi. Hawakusikia kingine chochote.

Anene alichovya tonge lake kwenye mchuzi, akala.